Simu Iliyobaki Tumboni mwa Mdogo Wako

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada Mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu mimi shemeji yako. Hujambo? Goti lako limekubali kupanda ngazi, au bado unalala sebuleni kama mgeni? Na wale pacha watundu, wameshavunja nini kingine?

Mimi sina homa wala kikohozi, na kazi za useremala zipo. Nimemaliza kabati la mfamasia, na milango yake yote inafunga bila kelele.

Ningependa habari ziishie hapo. Lakini mdogo wako, huyu mke wangu, si mzima, na nimechoka kukuambia kila ninapokupigia kwamba yu salama, huku yeye amekaa pembeni yangu akinikonyeza.

Unaijua kazi yake pale zimamoto: kupokea simu za watu waliozingirwa na moto, na kuwatuliza mpaka gari lifike. Miezi michache iliyopita alipokea simu ya bibi mmoja aliyekuwa peke yake, moshi umejaa chumbani na mlango umegoma kufunguka. Mdogo wako alikaa naye kwenye laini hadi ikakatika. Wapokea simu hawaambiwi mwisho wa mambo. Anapiga mwingine, kazi inaendelea.

Tangu siku hiyo, ni tumbo. Kiungulia kinampanda hadi kooni, maji machungu yanamjaa mdomoni. Akila vijiko viwili vya uji anasukuma bakuli. Anayefaidi ni paka wa jirani, amenenepa hadi hapiti tena chini ya lango letu.

Tulikwenda hospitali wakamwingiza mpira wenye kamera. Nilikaa kwenye benchi nikiomba wakute kidonda, Mungu anisamehe, maana kidonda kina dawa. Hawakukuta kitu.

"Mama, tumbo lako halina kidonda," daktari alimwambia. "Lakini mawazo yakizidi, hata asidi kidogo inaunguza kama nyingi, na chakula kinachelewa kushuka. Kuna jambo linakusumbua?"

"Hakuna, daktari," alijibu, kwa sauti ileile tulivu ya kazini.

Dawa anameza. Pilipili, ndimu na kahawa nimevifukuza jikoni. Nikainua kitanda upande wa kichwani kwa vipande vya mbao, ili asidi isimpande akilala. Matokeo yake mimi ndiye ninayeteleza hadi miguuni, na yeye bado macho. Fundi mzima, Dada, na sioni pa kupigilia msumari.

Nikawaza kwamba kinachomla ni kutojua yule bibi aliishia wapi. Nikaenda kituoni bila kumwambia, nikamkuta askari mmoja mnene wanayemwita Pipa akiosha gari. Nilipomuuliza, alifunga bomba la maji kwanza.

"Hatukumuwahi, fundi," alisema. "Tulimkuta ameshaondoka. Mkeo usimwambie, tafadhali."

Nilirudi nalo jambo lile kama mtu aliyebeba kaa la moto mfukoni. Karakanani nikapiga randa ubao mmoja mpaka ukawa hauna kazi tena. Jana mchana, tukiwa mezani, nikapiga moyo konde nikamwambia.

Hakushtuka. Aliweka kijiko chini taratibu.

"Nilijua," alisema. "Nilimsikia akinyamaza. Nikaendelea tu kumwambia, wanakuja bibi, wanakuja, shika kitambaa puani. Niliogopa kuacha. Labda alikuwa bado ananisikia."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

Nilimsihi aache kazi, au aombe kuhamishiwa ofisini. Akauliza, "Na simu apokee nani?" Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kweli nimtajie mtu.

Leo asubuhi amevaa sare yake, mkanda ameutoboa tundu jipya, akaenda. Sikumzuia. Nilimsindikiza hadi kona nikimbebea mkoba, kwa kuwa hilo naliweza. Tangu hapo nimeshika tama.

Sikuombi uje, najua hali ya goti. Ningekuomba umpigie, lakini simu yake ikilia hapa nyumbani, hata anayepiga akiwa ni muuza maji tu, anashika kifua. Basi mwandikie. Mwandikie habari za pacha, za majirani wenu wanaogombania uzio, za chochote cha kuchekesha. Tumbo usilitaje. Na kama wewe dada yake unajua alivyokuwa akibembelezwa alipokuwa mdogo, niambie mimi pembeni. Nimejaribu yote ninayoyajua, yameisha.

Nisalimie shemeji dereva, umwambie barabara imrudishe salama kila safari. Nisalimie shangazi yenu mshonaji, na pacha uwafinye mashavu kwa niaba yangu. Mungu akupe goti linalokunjika na usingizi usio na mawazo, na akibakiza kidogo atukumbuke na huku.

Naishia hapa, maana nasikia viatu vya mdogo wako uani na nataka anikute nimesimama.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama dada wa tumbo moja,

Fundi