Neno Nililoandika kwa Jina Lako

Mama Wanja, rafiki yangu,

Sikuandikii kukusalimia. Nina hasira, na wewe pia umo katika orodha, kwa sababu uliondoka ukatuachia kitu ambacho ni wewe tu uliyejua kukishika.

Ule mtandao wako wa kijamii umepasuka. Unakumbuka ulivyotuhubiria, pale dukani kwako mtaani Free Area, ukipima mbegu za sukuma? "Hii ni ya blockchain, daftari la wote, haina mwenyewe. Ukiandika imeandikwa, hakuna mkubwa wa kukufutia." Tukaingia sote, wakulima wa Rongai, washonaji kama mimi, hata Chebet ambaye alikuwa anaogopa simu kuliko nyoka. Tukaandika kuhusu ndama, mahindi na waume. Uchaguzi ulikuja ukapita na kikundi hakikuvunjika, na hapa kwetu, ambako kura hugombanisha makabila, unajua hilo si jambo dogo.

Basi mwenyewe alipatikana. Tajiri fulani wa mbali alinunua sehemu kubwa, baadhi ya waliouendesha wakakataa, wakanakili kila kitu na kuanzisha mtandao wao. Kila kitu, Mama Wanja. Hata wewe sasa uko pande zote mbili, pichani na ile sweta yako ya kijani, unacheka kama mtu asiye na habari.

Mimi nilihama. Chebet alibaki. Alisema, "Mimi sihami tena juu matajiri wamekosana." Nikamwita kibaraka, naye akaniita jina ambalo siliandiki hapa. Siku ya kukukumbuka, kanisani, watu wake walikaa kushoto na wetu kulia, na chai ikapikwa kwenye sufuria mbili. Binti yako Wanja alisimama katikati na sinia ya vikombe, hajui aanzie wapi.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye donda. Ulipokuwa hai, wengi walikukabidhi kura zao za kuchagua wasimamizi wa mtandao uwapigie, kwa kuwa hawakuzielewa na walikuamini. Ulipokufa hakuna aliyezichukua. Nani angeanza? Ilionekana kama kumvua marehemu nguo. Kwa hiyo wewe uliyelala kaburini ndiye uliyekuwa na kura nyingi kuliko sisi sote. Na neno lako la siri nilikuwa nalo mimi. Ulinipa kule wodini, ukasema, "Ni ya kumtunzia Wanja picha. Usifanyie kitu kingine."

Nilifanyia kitu kingine. Nilifunga duka mapema, nikakaa na hasira zangu, nikaingia upande wa zamani kwa jina lako. Nikapiga kura zako zote dhidi ya wale ambao Chebet alikuwa anawaunga mkono. Halafu, kana kwamba hiyo haikutosha, nikaandika: "Wapendwa, mimi nimehama. Nifuateni."

Watu walilia. Mzee mmoja wa Rongai alijibu kwamba ameusikia mwito na anakuja. Chebet hakulia. Aliandika chini yake: "Huyu si Mama Wanja. Mama Wanja hangeenda mahali bila kunipitia."

Nilitaka kufuta. Haifutiki! Ndiyo sifa uliyotuuzia, na ndiyo inayoninyonga. Wajukuu zetu watasoma kwamba ulisema maneno yale. Nimeandika chini yake, kwa jina langu, kwamba ni mimi. Watu wa upande wangu wamenitukana kwa kuwaaibisha. Wanja amesoma pia. Siku hizi anapita mbele ya duka langu akiangalia ng'ambo ya barabara, nami namwacha apite, kwa sababu mtoto yuko sawa.

Neno la siri nimemtumia yeye, na akalibadilisha siku hiyo hiyo. Vizuri. Watu wengine wamechukua kura zao, nadhani kwa kuniogopa kuliko wanavyokuheshimu. Wengine bado.

Jumamosi naenda Rongai kwa Chebet. Akinifungia mlango nitarudi Jumamosi nyingine, na nyingine. Siendi kumvuta upande wowote, na usidhani nimebadili mawazo kuhusu yule tajiri. Naenda kumwambia kwamba alikujua kuliko mimi. Itaniuma kulisema, maana miaka yote niliamini ni kinyume.

Kwaheri, rafiki yangu. Nakuahidi sitakusemea tena, hata siku nikiwa na hakika kwamba ungekubaliana nami.

Mama Shiko