Mtama Uliokataa Kuota

Lidcombe, Sydney
Australia

Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa Mama mkubwa,

Kabla hujafika mstari wa pili, tulia. Najua kitu chochote kitokacho huku sasa kinakushtua, tangu ile simu ya mwaka jana. Hakuna mgonjwa, hakuna aliyefungwa, wala hakuna anayeomba kitu. Vaa miwani, kaa mahali penye mwanga, usome polepole.

Habari za siku, mama yangu? Magoti yanakuruhusu kufika kanisani kwa miguu, au bado Christian anakubeba kwa baiskeli? Maharagwe mmevuna salama? Na Baba mkubwa Bigirimana, amepatana na mbuzi wa jirani, au kesi inaendelea? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mgongo tu ndio unanung'unika, maana kazi yetu ya kuwanyanyua wazee vitandani haimwonei mtu huruma.

Nimeona niandike, kwa kuwa kwenye simu mtandao wa Makamba na masikio yako hushirikiana kuniangusha, na haya ninayotaka kukuambia si ya kupigia kelele. Mama Ketsia wa kanisani kwetu anasafiri kwenda Bujumbura wiki ijayo. Atamkabidhi Christian barua hii mkononi.

Ninyi mnaingia kiangazi, sisi tunaingia baridi. Tangu Aprili miti ya mtaa wa mkweo Lazare kule Bankstown ilianza kuwa myekundu, kisha ikapukutisha majani hadi mifereji ikaziba. Sasa hivi saa kumi na moja jioni ni giza, na asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi. Marehemu mwanao Gloriose aliyapenda sana majira haya. Alikuwa akisema ndipo nchi hii inaponukia kama mahali panapopikwa, kwa sababu ya moshi wa kuni wa majirani. Kila Jumamosi alasiri alitoa viti uani, akawasha mkaa, akachoma mahindi, akaanza kutupigia simu mmoja mmoja. Ukisema umechoka, anakuambia njoo uchokee hapa.

Na kuchoka, Mama mkubwa, tunachoka kweli. Maisha ya huku ni ya kukimbizana na saa. Lazare anaendesha lori la makontena katika bandari ya Port Botany, anaondoka kabla jua halijachomoza. Mushagalusa, yule Mkongo wa Bukavu aliyekuimbia kwenye simu siku ya mazishi, yuko kwenye ghala hapa Lidcombe, kazi ya usiku. Katungu wa Butembo na mimi tuko nyumba moja ya wazee lakini shifti zetu hazikutani. Yeye akiingia mimi natoka, tunasalimiana mlangoni. Bila Gloriose tungekuwa watu wa kuonana makaburini tu.

Alipotutoka, zile Jumamosi hazikufa. Ziligeuka kuwa matanga. Wewe ndiye uliyetufundisha kule kambi ya wakimbizi ya Mtabila kwamba nyumba ya mfiwa haiachwi ipoe mpaka kilio kiondolewe, na sisi hatukuiacha. Mwaka mzima, anayetoka kazini na anayekwenda kazini, wote tulipita Bankstown. Viti vilibaki uani, mvua ikanyesha, jua likawaka, Lazare hakuviondoa.

Mwezi wa nne, uliposema kuganduka, huko kuondoa kilio kwetu, kufanyike siku moja huku na huko, ili Gloriose aagwe na pande zote mbili, sote tulikubali. Ukasisitiza pombe ya siku hiyo itoke ndani ya nyumba yake, isinunuliwe. Basi tukatafuta mtama kwenye duka la Wahindi, tukauloweka katika beseni la buluu la Gloriose mwenyewe, tukauchuja, tukaufunika kwa gunia kwenye kona ya chumba chake cha kufulia, ili uote uwe kimea cha pombe. Tuliamini kwamba siku mbili tatu mizizi itatoka, kama nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria baridi. Wiki ilikwisha, mtama umekaa kimya vilevile, kama uliomwagwa sasa hivi kutoka mfukoni.

Wa pili ulinuka. Tuliumwaga uani, wakaja wale ndege weupe wenye kishungi, wakaula wote huku wakitupigia kelele. Mushagalusa alicheka mpaka akakohoa. Alisema Warundi tunajifanya wenye pombe kumbe hata mtama wenyewe hautujui, na kwamba kwao mtu hutumia ndizi na mambo yanakwisha. Katungu, ambaye kanisa lake haliruhusu tone, ndiye aliyetuletea blanketi la umeme alilojinunulia kwa ajili ya baridi. Nilimuuliza Mungu wake atasema nini. Akajibu kwamba yeye anaupasha mtama joto tu, yatakayoupata baadaye hayamhusu.

Tukaloweka wa tatu. Vanessa, mjukuu wako, akapewa kazi ya kuulinda.

Nikuambie ukweli, Mama mkubwa: zile Jumamosi za kungojea mtama zilikuwa nzuri. Tulikaa uani tumejifunga mablanketi mabegani, tunamenya machungwa madogo ya msimu huu, tunakunywa chai ya tangawizi, tunaingia kila saa kuchungulia beseni kama watu wenye mtoto mchanga ndani. Mushagalusa alikuwa akisinzia na kikombe mkononi. Mara nyingine nilijikuta nacheka kwa sauti, halafu namwona Lazare amekaa kando, anatutazama sisi sote mmoja baada ya mwingine, na kicheko kinanikatikia. Nilimkumbuka Gloriose, mwenye nyumba. Niliona haya kufurahi hapo alipopaandaa yeye.

Mtama wa tatu nao haukuota. Blanketi linawaka, siku zinakwenda, mbegu ni zilezile. Nikaanza kuwa na hofu. Siku tulizobakiza zilikuwa chache, kimea kinataka kukaushwa na kusagwa, pombe inataka kupikwa na kuchacha. Niliona aibu itakayonipata wewe ukiwa kwenye simu na mtungi wako umejaa, sisi huku tumeshika chupa za dukani.

Hapo ndipo Vanessa aliponivuta jikoni. Unajua mtoto huyu anasikia kila unachosema, ila anajibu kwa lugha ya shule. Aliniambia chinichini, "Aunty, it's not the cold. It's Daddy." Kisha akanieleza kwamba si baridi inayouzuia mtama. Ni baba yake. Kila alfajiri, kabla ya kwenda bandarini, Lazare anachomoa blanketi, anabeba beseni, anakwenda kuliweka nje kwenye saruji palipo na umande. Mtoto akitoka shule analirudisha ndani na kuwasha upya. Wamefanya hivyo siku zote, kila mmoja anajua mwenzake anafanya nini, na hawajasemeshana.

Nilikasirika, sikufichi. Nilikwenda moja kwa moja uani, nikamkuta anafagia majani. Nikamuuliza, "Mama mkwe wako amekukosea nini hata umfanyie hivi?"

Hakukana. Aliendelea kufagia kidogo, akaegemeza ufagio ukutani, akasema, "Shemeji, mukimaliza kilio, mutaacha kukuja."

Mama mkubwa, alisema anatujua. Mushagalusa atarudi kulala Jumamosi, na ana haki. Katungu atachukua shifti, ana watoto watatu. Mimi nitapiga simu, kisha nitapiga mara chache. Hakuna atakayekuwa mbaya, alisema, ni kazi tu. Lakini yeye na Vanessa watabaki wawili mezani, na mtoto hana wa kuongea naye habari za mama yake. Kilio kikikaa, watu wanakuja. Ndiyo maana mtama aliuweka nje.

Nilitaka kumwapia kwamba haitakuwa hivyo. Nikajizuia, kwa sababu maisha ya huku nayajua, na nimewahi kuona marafiki wa damu wakipotezana katika mji huu huu, nyumba zao zikiwa vituo viwili vya treni. Nilimwambia tu, "Anayeondoka ni Gloriose. Umwache aende. Sisi tuko." Alichukua ufagio wake, akaendelea kufagia.

Kesho yake asubuhi nikiwa kazini Vanessa alinitumia picha. Beseni lilikuwa ndani, blanketi liko juu yake, na juu ya blanketi kuna lile koti la kazi la Lazare, zito, la rangi ya chungwa. Alikwenda bandarini bila koti, na siku hiyo upepo ulikuwa mkali. Mtama uliota.

Siku yenyewe uliisikia kwenye simu. Tulichagua ile wikiendi ndefu ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Mfalme, kwa kuwa wengi huwa nyumbani. Usilolisikia ni kwamba Lazare alikuwa amenyoa ndevu alizozifuga mwaka mzima, nasi tukashangaa jinsi alivyokonda. Alipoinama kwenye mtungi kuvuta mrija wa kwanza, Vanessa alimshikia. Pombe ilikuwa nyepesi na chachu kuliko ya kwako, usidanganywe na sifa za Mushagalusa. Katungu alikunywa soda. Ulipoimba kutoka huko, sauti ikawa inakatika na kurudi, hatukusogea mpaka ulipomaliza.

Baadaye, watu walipokuwa wanaagana, nilimwona Lazare anakusanya viti vya uani. Alivikunja vyote, akaviingiza gereji, akavuta mlango. Hakuonyesha hasira yoyote. Alikuwa kama mtu anayefunga duka jioni. Nililia garini njia nzima mpaka Lidcombe.

Wiki ikapita. Hakuna aliyempigia mwenzake, kila mtu alikuwa na kazi zake. Jana Jumamosi nilitoka shifti mchana nikiwa nimechoka vibaya. Mvua ilikuwa inanyesha, baridi imeingia mifupani, na kitanda changu kilikuwa kinaniita. Nilifika hadi kona ya kwangu, nikapita, nikaelekea Bankstown. Njiani nilijiambia nitasalimia tu, nirudi.

Gari la Mushagalusa lilikuwa tayari mbele ya nyumba, yeye mwenyewe amelala kwenye usukani na mdomo wazi. Sijamaliza kumgongea kioo, Katungu akatokea kutoka kituoni amevaa sare ya kazi, mwavuli umepinduka, ameshika mfuko wa machungwa. Tulitazamana. Hakuna aliyeuliza mwenzake amefuata nini.

Vanessa alitufungulia. Baba yake hakuwepo, alikuwa ameomba kazi ya ziada. Basi tukawasha hita, tukaweka sufuria jikoni, tukakaa kwenye kochi kumngojea.

Alifika giza linaanza. Vanessa, aliyekuwa dirishani, alituambia amesimama getini, anayatazama magari yetu, haingii. Alisimama pale kwenye mvua muda. Alipoingia, aliingia na mabuti yake ya kazi hadi kwenye zulia, jambo ambalo Gloriose asingeliruhusu hata kidogo. Macho yake yaliruka kwa Vanessa kwanza, kisha kwetu, kisha yakawa yanatafuta nani hayupo. Nikaelewa. Alidhani kuna mtu amekufa.

"Ni nani?" akauliza.

Katungu hakuinua hata kichwa, alikuwa anamenya chungwa. "Hakuna kitu, Papa Vanessa," alimwambia. "Tumekuja tu."

Lazare alibaki amesimama. Maji yalikuwa yanamdondoka. Kisha akageuka, akatoka tena, tukasikia mlango wa gereji unavutwa. Alirudi amebeba viti, akarudi tena na vingine, akavipanga sebuleni kimoja kimoja, akavifuta kwa mkono wa shati. Sisi tulikuwa tumekwisha kaa kwenye kochi, lakini hakuna aliyemwambia. Tuliinuka, tukahamia kwenye viti.

Ndiyo sababu nimekuandikia leo, kabla sijaenda kazini. Siku ile baada ya pombe, ulipobaki na mimi peke yangu kwenye simu, uliniuliza kama Lazare bado ni mkweo sasa kilio kimekwisha, na kama sisi wa huku tutaendelea kukutafuta. Uliuliza kwa sauti ndogo, nikakujibu haraka haraka kuwa usijali, nami mwenyewe nilikuwa sina uhakika. Leo ninao. Lazare amesema kila Jumapili baada ya misa atakupigia kama alivyozoea, na Vanessa ameomba uendelee kumtumia zile nyimbo unazomwimbia, hata asipozijibu.

Nisalimie Baba mkubwa Bigirimana, umwambie amsamehe mbuzi. Nisalimie Christian, na Nadège na watoto wake, na mama Blaise hapo jirani aliyekushika mkono mwaka huu wote. Katungu na Mushagalusa wanakusalimu. Mungu akulinde usiku na mchana, ayape magoti yako nguvu, na alipokaa Gloriose pawe na mwanga.

Barua hii nimeirudia kuisoma, nikaona haina habari yoyote kubwa. Majirani wakikuuliza imeleta nini kutoka mbali kote huko, waambie haikuleta kitu. Mtoto wako amekuandikia tu.

Mimi mwanao, nikupendaye popote nilipo,

Irankunda