Aliyebaki Chini ya Tao

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Hujambo? Mumeo je, na wale mapacha, kikohozi kimewaachia? Mimi mzima, ila magoti yana kelele. Kalamu naiona nzito kuliko mwiko, basi nivumilie.

Uliniuliza stadi ni mtu gani, upate kuwaambia wanafunzi wako. Mwalimu mzima unamwuliza mjomba aliyeishia darasa la pili! Lakini umebisha mlango wenyewe. Miaka arobaini najenga, mafundi nimewaona tele kama mchanga. Stadi nilimjua mmoja tu, naye ndiye anayekuandikia.

Hivyo ndivyo nilivyojua mpaka Alhamisi.

Binamu yako, binti yangu huyu wa pekee, amejenga tao la matofali juu ya mlango wa ghala. Lake la kwanza. Nikamwambia mbele ya vibarua, "Hilo litakuangukia." Akanijibu, "Baba, wewe kakae kivulini." Ulimi huo sijui kautoa wapi.

Nawe wajua desturi yetu: miti ya kuegemeza ikitolewa, aliyejenga husimama chini ya tao lake. Nikaenda kusimama naye. Baba gani angekaa kivulini?

Mti wa kwanza ukatoka. Wa pili. Wa mwisho ulipogongwa, tao likalia kaa! Vumbi likatumwagikia vichwani.

Vibarua wakatimua mbio. Mpwa wangu, nami nilikimbia. Magoti haya haya. Kugeuka, binti yangu yuko palepale, kiganja juu ya tofali, kama anayempapasa mgonjwa wa homa.

Akasema, "Limekaa. Rudi uchukue kofia yako, Baba."

Tao lolote hushuka kidogo miti ikitoka, nilimfundisha mimi mwenyewe. Kujua nilijua. Miguu ndiyo haikujua. Basi waambie wanafunzi wako hivi: fundi anaijua kazi yake siku zote, stadi anaijua hata ikimlilia kichwani.

Yeye sijamwambia. Nilimwambia tu saruji katikati ya matofali haikufutwa vizuri. Ukimwandikia, mwite stadi. Usiseme limetoka kwangu.

Nisalimie dada yangu, mama yako, na shemeji, na mapacha uwabusu. Mungu awape mikono isiyotetemeka.

Wako akupendaye,
Mjomba wako,
stadi wa pili nyumba hii.