Akilala Iko Muzima

Jumatatu, 3 Machi

Nimefagia, nimechemsha chai, nimeamusha binti yangu Mauwa. Amesimama, akashika ukuta, akaanguka. Kama kila asubuhi. Nimemulalisha mpaka macho ikaona tena. Masomo hapana, tena. Nimeketi kwa mashine, nimeendelea kushona jupe, sketi ya mama mumoja wa kule Mangobo, ya défilé, maandamano ya wamama ya 8 Machi. Sikulia. Machozi ilikwisha zamani.

Jumanne, 4 Machi

Dokta mwingine. Amemulalisha mezani, akasikiliza moyo, akapima damu. Mutoto iko muzima, mama, akasema. Akilala iko muzima, kweli. Ninachoka kusema ni akisimama ndiyo anaanguka. Akaandika palu, malaria, hata hivyo, sababu hapa mutoto akianguka ni palu. Wakamuwekea sérum kwa mushipa, na dawa. Jioni Mauwa alitembea mpaka kwa jirani na kurudi. Baba yake amefurahi. Mimi hapana. Mara iliyopita ilikuwa vile vile.

Alhamisi, 6 Machi

Ugonjwa imerudi. Ameanguka karibu na mbabula, jiko ya makaa, bahati haikuwa na moto. Moyo inapiga mpaka unaiona chini ya nguo.

Tantine Bea amekuja, dada mukubwa wa bwana yangu. Ni yeye alisema ni tension, damu kupanda, tuondoe chumvi. Tangu Noëli ninapikia Mauwa pondu, majani ya muhogo, bila chumvi. Sasa Bea amebadilisha: mutoto iko ndoki, muchawi. Anataka kumupeleka kwao Opala, kwa pasta anayefungia watoto bila kula mpaka waungame. Baleinière, mashua ya mutoni, inaondoka Jumapili. Mutoto asiyeweza kusimama, bila kula. Atakufa kule.

Bwana yangu, Papa Mauwa, hakumukataza. Ninamuchukia leo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekuta Mauwa nyuma ya mulango na kopo ya chumvi, analamba vidole. Nimemupiga. Bea alikuwa anaangalia. Umeona, akasema, hiyo si njaa ya mutoto. Nimefungia kopo ndani ya valise, sanduku yangu ya nguo.

Mama wa Mangobo amekuja kuchukua jupe yake. Ameona Mauwa kwa mukeka. Ameniambia kuna dokta wa watoto, mupya, kule Makiso, anauliza maswali mpaka watu wanachoka. Nikasema nitaenda. Sikuamini. Nitaenda tu.

Jumamosi, 8 Machi

Mauwa kwa toleka, baiskeli ya kubeba watu, mwenyewe anaisukuma pole pole, mimi pembeni nashika mugongo yake.

Dokta ni mwanamuke, bado kijana, na kitenge ya 8 Machi chini ya blouse nyeupe ya kazi. Amemulalisha, kama wote. Muzima, kama siku zote. Nilikuwa nimeshachukua mukoba. Akasema: "Mama Mauwa, keti. Sasa asimame, tungoje."

Hakuna aliyewahi kungoja. Alimushika mukono, akamuwekea kamashine ya kuhesabu moyo kwa kidole, akangoja. Miguu ya Mauwa ikaanza kuwa zambarau. Namba ya moyo ikapanda, ikapanda. Akamulalisha mbele aanguke. Namba ikashuka. Akaniita niangalie. Nimeona.

Akasema si palu. Si ndoki. Mutoto hadanganyi. Neva zinazopeleka damu juu mutu akisimama, kwake hazifanyi kazi muzuri. Inaitwa dysautonomie. Sindano moja haiimalizi, lakini mutu anaishi nayo, anasoma, anaolewa. Akauliza nini ilimusaidia. Nikasema dawa ya palu.

"Hapana, mama. Ni sérum. Maji na chumvi."

Kisha akamuuliza Mauwa mwenyewe anatamani kula nini. Mauwa akaniangalia kwanza.

"Chumvi," akasema.

Tumerudi katikati ya wamama wa défilé, ngoma, nguo zingine nimeshona mimi. Nilingoja furaha. Haikukuja. Nimemuambia Papa Mauwa yote, neno kwa neno.

Jumapili, 9 Machi

Papa Mauwa ametoka asubuhi kwenda bandarini. Begi ya Mauwa ilibaki kwa musumari. Amerudi peke yake. Bea amesafiri bila mutoto. Sikumuuliza alisema nini. Nimemupa chai.

Nimepika pondu. Nimeketisha Mauwa kwa mukeka, mugongo kwa ukuta, kikombe kikubwa ya maji mbele yake. Nimetoa kopo ndani ya valise, nimefungua, nimeweka karibu na sahani. Hakugusa. Alikuwa anaangalia mukono yangu, ile niliyomupiga nayo.

Nimeweka mukono nyuma ya mugongo. Akachukua chumvi.