Goti la Baba Tumaini

Mbeya,
Alhamisi asubuhi.

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo, Baba. Na kamwene, salamu yetu ya nyumbani. Mama naye nampa shikamoo yake, na najua atauliza mbona ya kwake imekuja ya pili. Mmeamkaje huko Nyololo na baridi hii? Huku Uyole ukungu haututoki mpaka saa nne, nguo zinakauka kwa siku tatu, na lile blanketi nililopewa na akina mama wa usharika najifunika hata nikiwa nasoma. Mwili wangu ni mzima. Viazi mlivyonitumia vilifika. Vichache vilianza kuota njiani lakini tumevila hivyo hivyo, mimi na wenzangu wa chumbani.

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Simu yako, Baba, ni ya kijiji kizima. Nikipiga unaweka sauti kubwa, "na wenzangu wakusikie," na nikiuliza uko na nani unanitajia watu watano. Haya ya leo nataka uyasikie wewe kwanza, peke yako. Naomba uketi, usome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Baba, mimi sisomei udaktari.

Karatasi tatu nimezichana kwa sababu ya sentensi hiyo. Sasa nimeiacha ikae.

Siku majibu ya chuo yalipotoka uliniuliza, "Umepata udaktari?" Nikajibu, "Ni mambo ya afya, Baba." Hapo sikudanganya. Alama zangu hazikutosha udaktari, nikapangiwa chaguo la pili, sayansi ya mazoezi na afya, na nilikuwa nimepanga kukueleza taratibu jioni ile baada ya kula. Wewe ulikuwa umeshavaa koti lako la kanisani, umekwenda kwa mchungaji. Jumapili wakati wa matangazo nikaitwa mbele. Mchungaji akasema Mungu ametupatia daktari, kwaya ikaimba, na wewe ukalia. Sikuwa nimewahi kukuona ukilia. Nani angepata moyo wa kusema pale? Nikapokea blanketi, nikanyamaza, na nimenyamaza miaka miwili na nusu.

Ninachosoma ni hiki. Tunasoma mwili unapofanya kazi: moyo unavyopiga mtu akipanda mlima, misuli inavyokonda mtu akilala muda mrefu, namna mfupa wa mzee unavyotaka kubebeshwa kidogo ili usidhoofike. Tunawapandisha watu kwenye kibao na kuwashusha, huku tukihesabu pumzi zao. Wenye presha, wenye sukari, waliovunjika, waliopooza, hao ndio watu wetu. Nikimaliza nataka kuomba nafasi ya kusomea fiziotherapia, kazi ya kumrudisha mtu kwenye mwendo wake baada ya kuumia. Sichomi sindano, siandiki dawa, na mtu akikohoa sijui kinachomkohoza. Mwaka wa kwanza nililia sana, nikajiona nimetupwa. Leo hata wakinipa hiyo nafasi ya udaktari sidhani kama nitahama, na hilo nalo nimekuwa nikiona haya kukuambia.

Ningeendelea kunyamaza kama si goti la Baba Tumaini.

Unakumbuka rafiki yako alipoangukiwa na mti wa paini, paja likavunjika. Walimwekea chuma, wakamrudisha nyumbani na karatasi inayosema arudi hospitali kila wiki kwa mazoezi. Ukanipigia kutoka kwake, nyumba imejaa watu waliokuja kumwona mgonjwa. Ukasema, "Daktari, wanataka arudi akafanye mazoezi, na mwenyewe analalamika maumivu. Tufanyeje?" Nilitakiwa kusema sijui. Nilitakiwa kusema fuateni karatasi. Lakini nilisikia mlivyotulia wote mkinisubiri, nikaona aibu kutojua, nikatoa sauti ya kidaktari kabisa: "Apumzike kwanza. Nikifunga chuo nitakuja kumwona." Nikasikia mtu nyuma anasema, "Mmeona?"

Chuo kikafungwa, tukapangiwa mafunzo ya vitendo, sikuja. Na ninyi mkamtunza kama mnavyojua kumtunza mtu mnayempenda. Haruhusiwi kuinuka, chakula anakula kitandani, Mama Tumaini anamwogesha, na kila mgeni akiingia anamwambia asijisumbue. Simlaumu mtu, mlifanya nilivyosema. Lakini goti lisilokunjwa linakauka, Baba. Hilo lilitungoja mimi na wewe miezi mitano, likakauka likitungoja.

Ulipompandisha basi aje kwangu, nilimpokea stendi. Alishuka kwa magongo mawili, mguu umenyooka kama mpini wa jembe. Mbele ya wenzangu akasema, "Huyu ndiye daktari wetu." Wenzangu wakanitazama. Nikawaambia baadaye kwamba ni utani wa kwetu.

Kesho yake nikampeleka hospitali tunakofanyia vitendo. Mwalimu wetu pale ni mama wa Kisafwa, mwenyeji wa huku, mtu mzima, hacheki ovyo. Alimlaza, akajaribu kulikunja lile goti, likagoma palepale lilipoanzia. Akauliza, "Baba, nani alikwambia ulale miezi yote hii?"

"Daktari."

"Daktari gani huyo?"

Akanionyesha kwa kidevu, tena kwa fahari. "Si huyu binti yetu."

Mwalimu aliliachia goti. Alinitazama, akaningoja. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamweleza Baba Tumaini yote, kuanzia siku ile ya kanisani. Kwamba mimi si daktari wala sitakuwa, na kwamba yale maneno ya kwenye simu niliyatunga ili nisionekane mjinga.

Nilijua atanitukana, na nilikuwa tayari kutukanwa. Akashusha pumzi, akasema, "Sasa nani atamwambia baba yako?"

Nikacheka huku nalia. Hata mwalimu aligeukia dirishani.

Tumefanya kazi wiki sita, kila asubuhi isipokuwa Jumapili, mwalimu akisimamia. Siku ya kwanza hakutaka nimguse. "Mtoto niliyembeba mabegani leo anishike paja?" Ikabidi mwalimu aanze mwenyewe. Siku ya pili akaja amevaa bukta ya kuchezea mpira ya mpwa wake, yule aliyempokea kwake hapa Uyole, akafumba macho akasema haya, fanya. Tunaweka kitambaa chini ya kisigino, anakivuta kuja kwake na kukirudisha, kuvuta na kurudisha. Jasho linamtoka utadhani yuko shambani. Anasema afadhali kupasua mbao toka asubuhi hadi jioni kuliko hicho kitambaa. Siku goti lilipokubali akakaa kwenye kiti kama watu, alikataa kuinuka mpaka mpwa wake aje aone.

Lakini sitaki kukudanganya tena. Sasa anapanda ngazi, ameacha magongo, amebaki na fimbo moja. Kuchuchumaa hawezi, kwa hiyo mtengenezeeni kiti cha chooni kabla hajazoea kujizuia. Kupiga magoti hawezi, mezani pa Bwana atapokea akiwa amesimama. Na msumeno wa kupasulia mbao hataushika tena. Mwalimu anasema lingeanzwa mapema lingekunja zaidi ya hapo. Hakulisema kwa ukali, na ndiyo maana liliniuma.

Baba Tumaini mwenyewe alinipa njia ya kutokea. "Mimi sitasema kitu," alisema. "Maliza shule yako, watu watakuita wanavyotaka." Nusura nikubali. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilianza Nyololo, ikapita Igawa, ikafika Mbeya, na ilikuwa bado inaendelea.

Ndipo Jumatatu ukanipigia kwamba Shangazi kifua kinambana na anakohoa, na kwamba umemwambia avumilie mpaka nifunge chuo. Nikakwambia mpelekeni hospitali kesho. Ukacheka, ukasema, "Kwani wewe tumekusomesha wa nini?" Na nyuma yako nikamsikia Shangazi mwenyewe anasema hana haraka, atanisubiri.

Baba, Shangazi asinisubiri. Ukimaliza barua hii kamwambie ajiandae, na asubuhi mpelekeni hospitali ya wilaya, wampime kifua. Sijui ana nini. Hii ni mara yangu ya kwanza kukwambia sijui, lakini bora wewe unikasirikie mimi kuliko tumzike dada yako akiwa ananingoja.

Na Jumapili, wakati wa matangazo, nakuomba usimame uwaambie. Najua ninachokuomba. Watakuwepo watakaocheka, watakuwepo watakaosema umelima viazi miaka yote hiyo ili mtoto akafundishwe kuruka kamba. Kama utaona huwezi, niambie, nitapanda basi nije niseme mwenyewe. Ila wangesikia kwako ingekuwa vizuri zaidi, kwa sababu walioniamini walikuwa wanakuamini wewe. Nisamehe, Baba. Hii aibu ni yangu, nami nimekubebesha wewe mzee wangu.

Mama mwambie nampenda, na kwamba akitaka kunigombeza anipigie wewe ukiwa shambani. Bibi msalimieni, mwambieni aendelee kutembea mpaka kisimani hata kama ndoo anabebewa. Mdogo wangu wa darasa la saba asome, na achague kitu anachokipenda. Mama Tumaini mpeni pole na shukrani zangu, kazi aliyoifanya kitandani pale naiheshimu. Mchungaji nitamwandikia mwenyewe.

Barua hii nimempa Baba Tumaini. Nimemwomba akishuka barabarani akatae bodaboda, aje kwa miguu mpaka kwetu, na ameniahidi. Kwa hiyo najua unaposoma hapa yuko mbele yako, anakunywa chai, anajifanya haijui habari. Akiaga, usimshike mkono kumsindikiza. Simama mlangoni, umtazame anavyokwenda mpaka afike kwake. Hiyo ndiyo kazi ninayosomea.

Binti yako,
Faraja