Kachumbari Aliyoikataa Mama Kaliza

Mwanangu Mwanaidi,

Miaka miwili hujakanyaga mlango wangu. Kutoka Ujiji mpaka hapa Gikondo ni basi tu, watu wanakuja na kurudi na kuku wao. Hata simu unanipigia huku unakaanga, nasikia mafuta kuliko sauti yako. Haya, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mgongo umepona? Anayeniandikia ni fundi cherehani wa mlango wa pili. Maneno ni yangu, nimemkataza kuyapamba.

Mwanao Rehema aliugua. Sasa anakula na kunijibu jeuri, kwa hiyo usilie. Alilazwa siku sita, homa ya matumbo. Sikukwambia kwa sababu nilikuwa na mmoja wa kubembeleza, sikutaka wawili.

Daktari aliuliza anakula nini kibichi. Nikamwambia kachumbari yangu, kila mchana, nyanya na giligilani za Mama Kaliza. Unamjua, rafiki yangu anayelima bondeni, aliyelala kwangu siku zote za matanga ya baba yako. Aliniambia anamwagilia maji ya chemchemi.

Tulipotoka hospitali nikashuka kumpa habari njema. Nikamkuta anachota kwenye mfereji unaotoka magereji na kupita nyuma ya vyoo. Maji yana utando wa mafuta. Anayamwaga juu ya giligilani.

"Chemchemi iko wapi?"

"Iko kavu, mukecuru wangu." Ndivyo anavyoniita, kizee wake. "Tangu kiangazi ya mwaka jana."

"Na mdomo wako nao ulikauka?"

"Ningesema, ungeacha kununua. Tena ungeambia wengine."

"Ningewaambia."

"Si unaona?"

Hapo ndipo nilipokumbuka, Mwanaidi. Mama Kaliza anakula kwangu kila Ijumaa. Zamani kachumbari aliikomba mpaka bakuli linang'aa. Tangu mwaka jana haigusi, anasema tumbo lake halitaki tena vibichi. Nikamcheka, nikamwambia anazeeka. Kumbe anatafuna wali wangu huku anamtazama Rehema akijipakulia mara ya pili.

Maji machafu ningemsamehe, shamba analo hilo moja. Lakini alijua kuvuta mkono wake nyuma, wa mtoto akauacha.

Sijamsemesha tangu siku hiyo. Analeta maharage, nayarudisha. Ijumaa natoa sahani tatu kwa mazoea, kisha narudisha moja kabatini. Nimepanda nyanya na giligilani kwenye mabeseni mlangoni, namwagilia maji ya bomba.

Msalimie dada yangu, mwambie mchele aliotuma ulikuwa na mawe. Msalimie na mumeo, naye miguu anayo.

Ukija, uje Ijumaa. Shuka kwanza bondeni umwite Mama Kaliza, mwambie kachumbari ipo na maji ni ya bomba. Usimsihi. Akikubali, mkalishe karibu na bakuli. Wa kwanza kujipakulia awe yeye, Rehema baadaye.

Mama yako,
Zaina