Mgeni wa Kwanza wa Sikukuu ya Dimitri

Varbovo, karibu na Lule Burgas,
4 Novemba 1912, kwa kalenda ya zamani.

Mpendwa Mjomba Penyo,

Kwa unyenyekevu mkubwa, na mbele ya mashahidi wawili ambao ni mimi na paka, natangaza kwamba kabichi za mwaka huu zimetiwa chumvi na jiwe limewekwa juu ya pipa.

Sasa nikuulize hali. Kifua chako kinaendeleaje na moshi wa hicho kiwanda cha chuma? Na ni kweli huko Amerika watu wanakula mkate mweupe hata siku za kazi? Sisi tu wazima, ila dada yako, yaani mama, amekonda.

Unajua mdogo wangu Stanko alichukuliwa na jeshi la Sultani wa Uturuki anayetutawala. Basi Wabulgaria wenzetu walipoingia kutoka kaskazini, na washirika wao Waserbia na Wagiriki wakiibana Dola yake pande nyingine, vita vikubwa vikapiganwa hapa hapa kwetu, na mama hakujua amwombee nani ushindi. Mzinga ukilia kaskazini alifanya ishara ya msalaba. Ukijibu wa kusini aliifanya tena. Mimi nilipanda juu ya ghala nione Dola inavyoanguka. Nikaona ukungu, na punda wa jirani.

Jeshi la Sultani likavunjika, likakimbilia Istanbul. Habari za Stanko, hakuna.

Ikaja sikukuu ya Mtakatifu Dimitri. Hujasahau desturi: anayevuka kizingiti wa kwanza asubuhi ile, alivyo yeye ndivyo nyumba itakavyokuwa mwaka mzima. Mama hakutaka kubahatisha. Alipatana na jirani yetu Grozdan, mwenye tumbo lake na kuku wanaotaga hata kwenye baridi, aje mapema. Grozdan akachelewa, anatafuta kiatu. Aliyeingia ni askari wa Sultani aliyeachwa nyuma na wenzake, miguu peku, anatetemeka, sare ile ile ya Stanko. Mama aliruka kitini, kisha akaona siye.

Nilidhani atamfukuza. Akamvuta karibu na moto.

"Kaa, mwanangu. Hutoki humu mpaka ushibe na ucheke."

"Kula nitakula, mama. Kucheka kwa nini?"

"Nina mtoto vitani."

Askari akamla jogoo wa sikukuu karibu wote. Nami, unanijua kwa udadisi, nikamsogelea.

"Kaka, dola ya mamia ya miaka inashindwaje kwa siku chache?"

"Mkate haukuja."

"Na mizinga?"

"Mizinga ilikuja. Hailiki."

Akacheka mwenyewe, na mama akapiga makofi kama yuko harusini. Ndipo Grozdan akatokea, viatu vyote viwili miguuni.

"Yana! Mwaka wako wote umemkabidhi huyu mkimbizi? Jeshi letu likipita tena utawaambia nini?"

"Nitawaambia ulichelewa."

Mama akaitia sare motoni, akampa mgeni koti la sufi lililokuwa msumarini, moja ya yale mawili aliyotushonea mimi na Stanko kwa kitambaa kimoja. Nilijua anatoa la Stanko. Nilidhani amekata tamaa. Yule bwana, Durmush jina lake, akashika njia ya kwao Anatolia, ameshiba.

Juzi Stanko karudi. Kwa miguu, mzima! Mama alilia mpaka maharage yakaungua. Mimi nilingoja atulie, nikamwomba anieleze vita kuanzia mwanzo.

"Tope," akasema. "Kabichi zimeiva?"

Mama anasema ni baraka ya mgeni. Grozdan anasema ni miguu ya Stanko. Mimi bado nachunguza.

Nisalimie mkaza-mjomba Rada na binamu zangu wote, hata Gencho asiyejibu barua. Mama na Stanko wanakukumbatia. Mungu akulindie kifua, akurudishe tukuone.

Mpwa wako akupendaye daima,
Radoy

Nimekwisha kutia sahihi, lakini naongeza hili: leo mama amefungua sanduku lake, akamtolea Stanko koti lake, limekunjwa vizuri. Lililokwenda Anatolia ni langu. Theluji imeanza.